Farasi Katika Zizi la Mbuzi

Mke wangu aliposikia kwato barabarani Jumapili ile asubuhi alidhani ni punda wa maji, akateremka kutoka ghorofa ya nne akiwa na mitungi miwili. Alinikuta mbele ya mlango wa ploti nimeshika kamba, na mwisho wa kamba kuna farasi. Aliiweka mitungi chini. Alimzunguka farasi mara moja, kutoka kichwa mpaka mkia.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "hiyo ni nini?"

"Ni farasi."

"Naona ni farasi. Nimeuliza ni nini."

Nilikuwa nimetembea naye tangu alfajiri kutoka upande wa pili wa jiji, nikiifuata saa ambayo barabara huwa tupu na watu wa mtaa wetu wa Huruma wanapiga pasi nguo za kanisani. Mimi ni saisi. Kazi yangu, kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, imekuwa kulisha, kusugua, kutembeza na kupanda farasi wa watu wengine. Najua mambo mengi kuhusu farasi, ila asubuhi ile sikujua huyu wangu angelala wapi.

Shamba la farasi nilikofanya kazi lilikuwa limeuzwa ili lijengwe nyumba, na mwenyewe alikuwa anahama nchi. Farasi wazuri walipata pa kwenda upesi. Huyu hakupata. Alikuwa jike wa miaka minne, wa rangi ya hudhurungi, miguu mirefu, shingo ya kupendeza, na kila aliyekuja kumtazama alimpenda mpaka alipomwona mbele ya kiunzi. Kiunzi ni mti uliolazwa juu ya vigingi viwili, farasi aruke. Yeye hakuruka. Alisimama ghafla, akatetemeka kuanzia mabegani, jasho likamtoka, halafu akarudi kinyumenyume mpaka akagonga chochote kilichokuwa nyuma yake. Basi mwenye shamba akaamua aitwe daktari wa mifugo aje na sindano ya kummaliza.

Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu kitu hivyo, na nilijichukia nikiomba. Akasema, "Mchukue basi. Lakini wewe huna shamba wala nyasi. Ukifika mwisho wa mwezi hujampatia mahali, mpigie daktari. Usimtese kwa sababu ya kiburi chako." Akaniandikia nambari ya daktari kwenye karatasi. Alinijua vizuri, yule mtu.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumpeleka. Kulikuwa na madam mmoja mwenye shule ya kufundisha watoto kupanda farasi, mwanamke mkali wa maneno machache, ambaye alitaka farasi mmoja na saisi mmoja. Aliniambia kwa simu: viunzi vitatu, vya urefu wa kiuno, mpandaji atakuwa wake mwenyewe, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Farasi akigoma mara tatu, nisimpotezee wakati. Nilikuwa na majuma manne.

Lazima niseme kwa nini nilijitia katika jambo hilo, maana si huruma peke yake. Mimi ndiye niliyemvuta farasi huyu kutoka tumboni mwa mamake, kwa mikono hii, asubuhi ya mvua. Na mimi ndiye niliyeshika kamba siku walipomharibu. Alikuwa na miaka mitatu. Mkufunzi wa wakati ule hakuwa na subira. Alimtia katika njia nyembamba yenye ua pande zote mbili, kiunzi katikati, mjeledi nyuma, na mimi mbele na kamba. "Vuta!" akasema. Nikavuta. Mnyama akaruka akiwa amechelewa, akagonga, akaanguka na mti katikati ya miguu, akalala pale akinitazama. "Vuta!" akasema tena. Nikavuta tena. Ningeweza kuiachia ile kamba. Ukiniuliza kwa nini sikuiachia nitakwambia ilikuwa kazi, na ni kweli, na haisaidii kitu.

Kwa hiyo nilimpeleka Kiamaiko, mtaa wa jirani, kwa mzee mmoja kutoka kaskazini anayeuza mbuzi. Tulikuwa tumejuana miaka mingi kwa salamu tu. Alinionyesha zizi lake la nyuma, la mabati na mbao, ambalo lilikuwa tupu.

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Halafu lori linaniletea mbuzi kutoka kaskazini. Siwezi kuweka mbuzi barabarani kwa ajili ya farasi, umeelewa, ndugu yangu?"

Nilielewa. Ambacho sikufikiria ni damu. Kiamaiko ni soko la mbuzi na pia ni machinjio, na farasi akinusa damu moyo wake hukimbia hata kama miguu imefungwa. Siku mbili za kwanza hakula. Alisimama pembeni, kichwa juu, pua zimepanuka, akitetemeka kila mbuzi alipolia ng'ambo ya mabati. Nilimpaka puani dawa ya kifua, ile kali ya kopo dogo, asinuse kitu kingine. Siku ya tatu akalamba pumba kidogo mkononi mwangu. Nilikaa kwenye samadi nikalia, mtu mzima mwenye mvi, na mbuzi wa zizi la pili wakanitazama kwenye mianya ya mbao.

Sikumpa jina. Lile la kwenye karatasi zake lilikuwa refu na la kipuuzi. Nilimwita "wewe", naye aliitika.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilimtoa zizini nikampeleka kwenye kiwanja cha vumbi karibu na mto, ambacho jioni ni cha mpira na Jumapili ni cha mahema ya makanisa. Vifaa vya kurukia nilivikusanya nilivyoweza. Miti niliazima kwa mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa jirani, ile mirefu ya kushikilia zege. Matairi mabovu nilipewa na makanika. Mitungi mikubwa ya plastiki ya buluu nililetewa na binamu ya mke wangu anayeokota vitu kwenye jaa la Dandora. Nilitazama mali yangu ile imepangwa vumbini nikaona aibu, kisha nikaona haina haja ya aibu. Farasi hajui bei ya kiunzi.

Kumjenga farasi mwoga ni kazi ya kurudi nyuma. Unaanza na mti mmoja chini kabisa, unamwongoza kwa miguu avuke kama anavyovuka mstari wa rangi. Akivuka unamsifu na unaacha. Huongezi siku hiyo, hata kama moyo unakuwasha. Kesho miti miwili. Ukipanda mgongoni usiangalie chini, maana atajua unaangalia nini. Usimvute mdomo. Toa pumzi. Ukiibana, ataibana na yake. Haya yote niliyajua, na nimewafundisha wengine, na asubuhi tisa mfululizo hayakunifaa chochote. Farasi alifika mbele ya mti uliolala chini vumbini, mti ambao kuku angeuvuka bila kufikiri, akasimama, akaanza kutetemeka.

Na watu walikuwepo. Huku kwetu Eastlands hakuna kitu unachofanya peke yako. Vijana waliokuwa wakingoja vibarua waliketi kwenye ukuta.

"Niaje, mzee," mmoja aliniuliza siku ya kwanza. "Hii ni farasi ama ni punda imeoshwa?"

"Buda," mwingine akasema siku ya tano, kwa huruma ya kweli, "hiyo mnyama inaogopa mti imelala? Si uiambie imelala."

Mama wa mandazi aliniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamjibu vibaya, na kesho yake nikalazimika kununua mandazi nisiyoyataka ili tupatane.

Nyasi ndizo zilizonimaliza. Mchana nilizunguka na panga na gunia kandokando ya mto, kwenye reli, nyuma ya ukuta wa shule, popote penye kijani. Mke wangu alikusanya majani ya mahindi na mabua sokoni. Hakuwa ameukubali mpango, ila alisema maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa kuwa mimi nimezivua nguo zetu sote, basi tuoge. Hata hivyo mbavu za farasi zilianza kuonekana. Niliziona asubuhi moja jua likimpiga ubavuni, nikazihesabu, nikageuza uso.

Juma la pili farasi akaumwa tumbo. Kosa lilikuwa langu: nilikosa nyasi nikampa majani ya kabichi, mengi, kwa sababu alikuwa na njaa na sikuweza kumwangalia tena. Mchana akaanza kujitazama ubavu, kuchimba ardhi, kutaka kulala chini abiringike. Farasi anayeumwa tumbo akibiringika utumbo unaweza kujisokota, na hapo basi. Nilimtembeza. Kutoka saa saba mpaka jua linaelekea kuzama nilimzungusha kiwanja kile, na kila alipokunja magoti nilimvuta, nikimpigia kelele, nikimtukana, nikimbembeleza. Simu ilikuwa mfukoni na ile karatasi yenye nambari ya daktari ilikuwa mfukoni. Karatasi niliitoa mara mbili. Mara ya pili mke wangu aliichukua mkononi mwangu akaitia kifuani mwake, akashika kamba upande wa pili, tukatembea wote watatu. Hajawahi kumpenda farasi yule. Farasi alipotoa mavi hatimaye, dalili kwamba tumbo limefunguka, mke wangu alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti kubwa, na vijana wa ukutani wakaitikia "Amina."

Usiku ule sikuomba aruke. Niliomba apone tu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu, na hajavuka mti hata mmoja.

Kando ya kiwanja kuna shule ya nasari ya mabati, haina uwanja wake, na mwalimu huwaleta watoto pale asubuhi kunyoosha viungo. Siku hizo zote alikuwa amewaweka mbali. Asubuhi moja akanijia. Alikuwa msichana mpole mwenye sauti ya kuamrisha, na watoto kama ishirini wenye sweta nyekundu nyuma yake.

"Mzee, watoto hawasikii kitu darasani, wanafikiria farasi tu. Wanaweza kutazama?"

"Wakipiga kelele ataruka ukuta badala ya mti," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na adabu kidogo sana.

"Hawatapiga." Akawageukia. "Kelele zote ziwe wapi?"

"Mikononi!" wakajibu.

Kila aliyesoma katika nchi hii anayajua makofi ya kilo. Mtoto akijibu vizuri, mwalimu anasema apewe makofi ya kilo. Darasa zima linasugua viganja kwanza, kuyapasha moto makofi, halafu yanapigwa pamoja, kwa mpango, na lile la mwisho linarushwa kwa mwenye kusifiwa. Mwalimu yule aliwaambia waanze kupasha na wasiache mpaka farasi avuke. Nikapanda, nikamgeuza farasi kuelekea mti. Nyuma yangu nikasikia viganja arobaini vikisuguana. Ilikuwa sauti ndogo, ya kuendelea, kama mtu anayepepeta mchele.

Sikio lake moja likageuka upande ule. Halafu la pili. Alikuwa akisikiliza, na akiwa anasikiliza akasahau kuogopa, na mguu wa mbele ukavuka mti, na wa pili, na ya nyuma ikafuata. Watoto wakapiga makofi yao. Aliruka pembeni kwa mshtuko, kisha akasimama, shingo imepinda, akiwatazama. Nimewaona farasi wakishinda mbio wakatazama watu hivyo.

Nilishuka. Nikaweka paji la uso kwenye tandiko. Mwalimu akauliza kama wamekosea. Nikamwambia hawajakosea.

Kuanzia siku hiyo mambo yakaenda. Siku ya pili miti miwili. Ya tatu, mti juu ya matairi. Watoto walikuja kila asubuhi, na baada yao wazazi waliowaleta, na mama wa mandazi, na vijana wa ukutani, ambao walianza kwa mzaha na wakaishia kupasha viganja kwa bidii kuliko watoto. Nilipomgeuza tu, sauti ile ilianza. Naye akaanza kuitafuta. Alifika kiwanjani masikio mbele, akawatazama kwanza watu, ndipo akautazama mti. Siku ya nane aliruka mitungi ya Dandora, iliyolazwa ubavu na mti juu yake, miguu imekunjwa vizuri chini ya kifua. Nilicheka kwa sauti nikiwa hewani. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipocheka juu ya farasi.

Miaka yote mabwana zangu walinifundisha kwamba kelele ni adui wa farasi. Katika mazizi ya upande ule tunanong'ona. Nilijiambia wamekosea, kwamba sisi wa huku tunajua kitu ambacho wao hawakijui: kiumbe chochote kikishangiliwa kinajaribu. Nilijivuna. Niliwaambia watu kwenye kibanda cha chai. Na kuna asubuhi moja mvua ilinyesha, hakuja mtu, nikampanda peke yangu kwenye matope, naye akagoma mbele ya mti mdogo kabisa, mara nne. Niliona. Nikasema ni utelezi. Nilimrudisha zizini nikasema ni utelezi, nikamwambia mke wangu vilevile, naye akanitazama akasema, "Kama umesema ni utelezi, basi." Zilikuwa zimebaki siku tatu, na mtu aliyebakiza siku tatu hutafuta lile jibu ambalo ana wakati wa kulikubali.

Jumamosi mzee wa mbuzi alitupeleka kwa lori lake dogo. Alikuwa ameliosha. Njiani aliniambia mbuzi wake wanafika jioni ileile.

Kwa madam palikuwa pazuri sana. Nyasi zimekatwa, ua umepakwa rangi nyeupe, miti mirefu pande zote inayozuia hata sauti ya barabara. Viunzi vitatu vilikuwa katikati ya uwanja wa mchanga, vya rangi nyekundu na nyeupe. Masaisi watano au sita walikuwa wakifagia na kubeba samadi, na hakuna aliyesema neno. Farasi wengine walitafuna. Uliweza kuwasikia wakitafuna.

Farasi wangu aliteremka kwenye lori, akainua kichwa, akasikiliza. Nikamwona akisikiliza. Hapakuwa na sauti ya viganja.

Alianza kutetemeka kuanzia mabegani.

"Ni mnyama mzuri," madam alisema. "Mwembamba, lakini mzuri." Alimpa mpandaji wake ishara. Mpandaji alikuwa msichana mwepesi, mkono laini, simlaumu kwa lolote. Alimzungusha mara mbili kwa upole, akamwelekeza kwenye kiunzi cha kwanza. Farasi alikwenda vizuri mpaka hatua tatu za mwisho, kisha akakita miguu mchangani, akasimama. Masikio yakawa yanazunguka huku na huku. Alikuwa anatafuta.

"Moja," alisema madam.

Msichana akamrudisha, akamwelekeza tena. Nikasugua viganja vyangu, nikiwa nimesimama kwenye ua. Viganja viwili. Vilikuwa vikavu, vigumu, havikutoa sauti ya kufika popote. Sikio moja liligeuka upande wangu, nikadhani atakwenda, akasimama.

"Mbili."

Niliona mambo yote kwa pamoja: zizi ambalo jioni lingekuwa limejaa mbuzi, mbavu zake, karatasi ya daktari aliyokuwa nayo bado mke wangu. Msichana alikuwa ameshamgeuza kwa mara ya tatu. Saisi hapigi kelele. Sijawahi kupiga kelele katika uwanja wa mtu, hata siku farasi alipokanyaga mguu wangu ukavunjika. Nikafungua mdomo nikawaita wale masaisi.

"Ndugu zangu! Pasheni! Pasheni makofi!"

Wakasimama na mafagio yao. Wakanitazama mimi, wakamtazama madam. Nafasi za kazi ile ni chache, na kila mmoja wao alikuwa na watoto.

"Pasheni, nawaomba! Atauawa huyu!"

Mzee mmoja aliyekuwa na toroli aliliachia. Samadi ikamwagika kwenye zile nyasi zilizokatwa. Akaweka viganja pamoja akaanza kusugua, macho chini, kama mtu anayesali. Kisha wa pili. Kisha wote, na mzee wa mbuzi aliyekuwa ameegemea lori lake, na mimi. Sauti ilikuwa ndogo, lakini mahali pale palikuwa kimya mno, ikafika.

Masikio yalikwenda mbele. Akaruka cha kwanza akabakiza nafasi ya kupita mtu. Akaruka cha pili. Cha tatu alikiruka kana kwamba hajawahi kuogopa kitu tangu kuzaliwa. Tukapiga makofi yetu, na lile la mwisho tukamrushia, na nilikuwa nalia bila kuficha.

Madam hakupiga makofi. Alingoja mpaka farasi alipofika, akamshika hatamu, akamgusa shingo yenye jasho, ndipo akanigeukia.

"Mzee, anaruka vizuri kuliko nilivyotarajia."

"Asante, madam."

"Sijamaliza. Haruki kiunzi. Anaruka watu." Hakusema kwa ubaya, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Siku moja nitampandisha mtoto wa mtu. Hapatakuwa na mtu wa kusugua mikono. Atasimama, na mtoto ataendelea mbele peke yake. Umenielewa?"

"Nitamfundisha upya. Nipe mwezi mmoja. Hapa hapa, kimya kimya."

"Wewe?" Alinitazama muda mrefu. "Mzee, wewe ndiye makofi yenyewe. Umeona alivyokuwa anakutafuta? Akikuona tu atangoja. Hatajifunza kitu mbele yako."

Nilikuwa nimewaona farasi wengi kama hao na ningesema vilevile.

"Nitamchukua," alisema. "Nitaanza na mti chini, polepole, hata ikichukua mwaka. Ana moyo, sitamrudisha. Lakini kazi sikupi. Na usikuje Jumapili kumsalimia. Usikuje kusimama hata kwenye gate. Asikuone. Ama kama huwezi hivyo, mrudishe kwenye lori."

Farasi alikuwa ameleta pua yake kwenye bega langu, anatafuta pumba mfukoni. Sikuwa na pumba. Nilimfungulia lile tandiko langu kuukuu, nikamfuta mgongo kwa mkono wa shati, nikaangalia kwato zote nne moja baada ya nyingine, kazi ambayo haikuhitajika. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile kamba, na kwa kabichi, na kwa makofi, lakini watu walikuwa wamesimama, na farasi hajui msamaha, anajua mkono tu. Nikauweka mkono shingoni mwake. Halafu nikamkabidhi yule saisi wa toroli hatamu.

"Anapenda kusuguliwa hapa, chini ya sikio," nikamwambia. "Na maji yasiwe baridi sana."

"Sawa, mzee."

Nikaelekea kwenye lori. Nilikuwa nimefika nusu ya njia farasi wangu aliponiita. Farasi akiachwa huita kwa sauti ya juu inayotetemeka mwishoni. Nimeisikia mara nyingi, wakiwaita wengine. Aliita tena. Mzee wa mbuzi aliniambia, "Ndugu yangu, anakuita," kana kwamba mimi ni kiziwi.

Nilimwambia awashe lori. Aliita mara ya tatu tulipokuwa tunatoka, na sikugeuza kichwa, kwa maana angeniona uso, na mimi nilitaka aishi.